Mzigo Unakwenda Wapi? Kuimarisha Sakafu ya Nyuma ya Gari la Kasi kwa Kuchomelea

Miongoni mwa magari ya kasi yanayoonekana Lubumbashi, BMW za familia ya 3 Series zina sifa mbili zisizoachana: injini inayopendwa na sakafu ya nyuma inayopasuka. Kizazi cha E36, kilichotengenezwa kuanzia 1990 hadi 2000, na kile cha E46, kilichotoka kati ya 1998 na 2006, vyote vina udhaifu huo, ingawa haujitokezi mahali pamoja. Baadhi ya magari hayo yalitoka Afrika Kusini, ambako BMW iliyaunganisha katika kiwanda cha Rosslyn karibu na Pretoria, yakapanda kupitia Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Mengine yalikuja kutoka Ulaya. Leo hata lililo changa kati yao ni gari la makamo, limekwisha kupita mikononi mwa wenye mali kadhaa na juu ya barabara za kila aina. Siku mwenye gari anapoanza kusikia mlio mzito nyuma kila anapobadilisha gia, gari hupelekwa garaji ya Katuba au Kamalondo, hupandishwa juu, ufa huonekana, na jibu hutolewa palepale: "Papa, hapa tutatia bamba nzito, haitarudia tena."

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila limeishia njiani. Bamba likichomelewa vizuri huongeza uimara wa mahali lilipowekwa, na hilo halina ubishi. Kinachosahauliwa ni kwamba nguvu iliyokuwa ikilipasua bati haitoweki kwa sababu tumeongeza chuma kinene: hupita kwenye bamba, hufika ukingoni mwake, na hapo huingia tena katika bati lilelile la kiwandani, ambalo unene wake ni kama milimita moja. Kwa hiyo kuimarisha sehemu hizi ni kuamua mzigo upite wapi na uingie katika mwili wa gari kwa upana gani. Fundi anayeanza na swali la unene wa bamba amelivuka swali lililopaswa kutangulia.

Kinachotokea chini ya gari

Tuchukue M3 ya E46, toleo lake la kasi zaidi, iliyotengenezwa Regensburg, Ujerumani, kati ya 2000 na 2006. Injini yake ya lita 3.2, katika toleo la Ulaya, hutoa nguvu za farasi 343 na nguvu ya kuzungusha ya niutoni-mita (Nm) 365. Difu, yaani sanduku la meno linaloyagawia magurudumu ya nyuma nguvu, ambalo mafundi wetu wengi huliita ponti, haikufungwa moja kwa moja kwenye mwili wa gari. Imefungwa kwenye fremu ndogo ya chuma, na fremu hiyo ndiyo inayofungwa chini ya sakafu kwa bolti nne, mbili mbele na mbili nyuma, kila moja ikipitia katikati ya bushi ya mpira. Juu ya kila bolti, ndani ya sakafu, mna kikombe chenye nyuzi kilichoshikwa na mabati yaliyounganishwa kwa nukta za kuchomelea za kiwandani, la chini na la juu, ambayo kwa pamoja hufanya kisanduku chembamba. Sehemu kubwa ya nguvu za ekseli ya nyuma, ukiondoa zile zinazopitia kwenye springi, shokamzoba na mikono mirefu (vyuma vinavyoshika magurudumu ya nyuma) iliyofungwa moja kwa moja kwenye mwili, huingia garini kupitia vikombe hivyo vinne.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Gia ya kwanza ya M3 huzidisha nguvu ya kuzungusha mara 4.23, hivyo shafti inayokwenda nyuma hupokea takriban Nm 1,544. Difu huizidisha tena mara 3.62, na magurudumu ya nyuma yote mawili hupokea jumla ya takriban Nm 5,590, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Magurudumu yanaposukumwa kwenda mbele, nyumba ya difu husukumwa kuzunguka kinyume, pua yake ikipanda juu, na fremu ndogo huuzuia mzunguko huo kwa kuisukuma sakafu juu kwenye bolti mbili za mbele na kuivuta chini kwenye bolti mbili za nyuma. Tukichukulia, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba jozi hizo mbili zimeachana kwa nusu mita, kila jozi hubeba zaidi ya niutoni 11,000, yaani karibu uzito wa kilo 570 kwa kila bolti. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta na injini ikaanza kulizuia gari, nguvu hizo hugeuka upande: mbele huvutwa chini, nyuma husukumwa juu.

Pamoja na hayo kuna zile Nm 1,544 za shafti, ambazo hutaka kuipindua difu ubavuni, upande mmoja uinuke na mwingine ushuke. Mielekeo hii miwili ikijumlishwa, pembe moja ya fremu huongezewa mzigo huku nyingine ikipunguziwa, na ndiyo sababu nyufa hazianzi kwa usawa kushoto na kulia. Sisi wa Lubumbashi tuna nafuu ndogo ambayo wachache huifikiria: mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza hapa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, pengine zaidi kidogo, kwa ajili ya hewa nyepesi. Nafuu hiyo huliwa upesi na barabara. Gurudumu la nyuma likitumbukia shimoni dereva akiwa bado amekanyaga mafuta, tairi huteleza kisha hushika tena kwa kishindo, na kishindo hicho huizidi sana hesabu iliyo hapo juu, ambayo ni ya mwendo laini.

Hata hivyo, si kawaida bati hili kupasuka kwa sababu ya pigo moja lililolizidi nguvu. Hupasuka kwa uchovu, kama waya unaokunjwa huku na huku hadi ukatike, ingawa hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata. Kila gia inayobadilishwa, kila tuta, kila mguu unaoondolewa kwenye mafuta ni mkunjo mmoja. Wahandisi wa vyuma vilivyochomelewa wana kanuni inayomfaa kila fundi: umri wa kiungo kilichochomelewa hupungua kwa takriban mchemraba wa mkazo unaojirudia. Ukiupunguza mkazo huo kwa nusu, kiungo kitaishi mara nane. Ukiuongeza maradufu, kitabaki na sehemu moja ya nane ya umri wake. Na kanuni hii haiheshimu sana bei ya chuma, kwa maana chuma kigumu cha hali ya juu, kikishachomelewa, huchoka karibu sawasawa na chuma cha kawaida, kwa vile ufa huanzia kwenye ukingo wa mshono.

Bushi chakavu huharakisha yote hayo. Mpira mzima hulipokea pigo na kulinyoosha kwa muda. Mpira uliochanika huacha nafasi tupu, fremu huikimbia nafasi hiyo na kugonga mwisho wake, na kinacholifikia bati ni kishindo kitupu. Katika E36 hali ni hiyo hiyo, ila mahali pa kuangaliwa ni zaidi ya sehemu za fremu ndogo: mifuko ya bati inayoshika bushi za mikono mirefu ya nyuma hupasuka, na vishikio vya fimbo ya kuzuia kuyumba hung'oka.

Kuutafuta ufa

Mlio peke yake hautoshi kutoa hukumu, kwa sababu bushi za difu zilizokwisha, shafti iliyolegea au mkono wenye bushi mbovu vyote hutoa sauti inayofanana. Ni lazima bati lionekane kwa macho, na hapa Katanga ina shida yake. Ufa unaotembea husaga kutu, na mahali pengine mstari wa kutu wenye rangi ya udongo hutosha kumwonyesha fundi pa kutazama. Chini ya gari la Lubumbashi kila kitu kina rangi hiyo. Vumbi letu jekundu la kiangazi, likishikana na mafuta na kukauka, huifunika sakafu kwa ganda linaloficha ufa na kufanana na kutu vilevile, na nimewaona mafundi wazuri wakipitisha taa juu ya ufa wa urefu wa kidole bila kuutambua.

Kwa hiyo kazi huanza kwa maji na sabuni, kisha mafuta ya taa na brashi, kisha kitambaa kikavu. Grainda haifai kwa hatua hii: dakika mbili za kusafisha kwa nguvu zinaweza kuondoa sehemu kubwa ya milimita moja unayotaka kuiokoa. Bati likishakuwa safi, kinachotafutwa ni mstari mwembamba kwenye rangi, hasa kuzunguka sehemu mbili za mbele, na pete ndogo ya rangi iliyopasuka kuizunguka nukta ya kuchomelea, ambayo huonyesha kwamba nukta imeanza kung'oka. Fundi mwenye rangi ya kupenya, ile inayopakwa, ikafutwa, kisha ikafichuliwa kwa unga mweupe, ataona hata ufa ambao jicho haliuoni.

Ukaguzi wa chini haumalizi jambo. Bati la juu la kile kisanduku laweza kuwa limeachana na la chini wakati upande unaoonekana bado ni mzima. Zulia la buti na kiti cha nyuma hutolewa, mikeka ya lami ya kuzuia sauti huangaliwa kama imepasuka, na kamera ndogo ya kuunganishwa na simu hupitishwa kwenye matundu ya kiwandani. Mtu mmoja akiingiza wenzo kati ya fremu na sakafu na kuusukuma taratibu, mwingine akiwa ameweka kidole juu ya bati ndani ya buti, mwendo ambao kamera haiwezi kuuona huhisika kidoleni.

Bamba na ukingo wake

Ugumu wa bati dhidi ya kukunjwa huongezeka kwa mchemraba wa unene wake. Bamba la milimita 3, kwa upana uleule, ni gumu mara 27 kuliko bati la milimita 1. Wengi husikia namba hiyo wakafurahi, lakini ndiyo inayopaswa kuwatia wasiwasi. Sakafu ya kiwandani ilikuwa ikijikunja kidogo kidogo kwa upana wake wote. Tukiweka juu yake kipande kigumu mara 27, kipande hicho hakijikunji tena, na mkunjo wote hukusanyika kwenye mstari mmoja, pale bamba linapoishia na bati linapoendelea. Mstari huo ndio mahali mshono umepita, na ndipo pia joto limelibadilisha bati. Udhaifu wa aina tatu umekutanishwa mahali pamoja, na gari likirudi baada ya muda, ufa mpya huonekana ukifuata ukingo wa bamba kama uliochorwa kwa rula.

Ndiyo maana mabamba yaliyofikiriwa vizuri huwa ya milimita 2 hadi 3, hayana pembe kali, na huwa makubwa kuliko mtu anavyotarajia. Ukingo wake hupelekwa mbali na bolti, mahali ambapo mzigo umekwisha kutawanyika, na pale inapowezekana huvuka mkunjo wa bati la kiwandani na kushika upande wake wa pili, kwa sababu mkunjo ni mgumu kwa asili na unaweza kuupokea mzigo. Bamba la mraba lililokatwa kwa haraka, likaishia katikati ya bati tambarare, lina pembe nne, na kila pembe ni mahali pa kuanzia ufa. Mimi ningechagua bamba la milimita 2 lenye umbo jema na upana wa kutosha kuliko lile la milimita 5 lenye ukubwa wa kiganja.

Lakini bamba la chini, hata likiwa zuri kiasi gani, huishika ngozi moja tu ya kisanduku. Kikombe chenye nyuzi kinaposukumwa juu, hulisukuma bati la juu pia. Kinapovutwa chini, huzivuta nukta zinazoyaunganisha mabati mawili. Nukta hizo zikikatika, kisanduku hugeuka kuwa mabati mawili yasiyosaidiana, na la chini hubeba peke yake kazi iliyokusudiwa kufanywa na yote mawili. BMW yenyewe, katika njia yake ya kuitengeneza E46, iliingiza povu gumu la kimuundo ndani ya uwazi huo ili mabati yafanye kazi kwa pamoja tena, na pale ufa ulipokuwa umezidi, sehemu nzima ya sakafu ilikatwa na kuwekwa mpya. Njia ya povu ina mantiki, lakini haina faida kubwa kwa kisanduku ambacho nukta zake zimekwisha kukatika, tena huziba milele njia ya kukagua na hutoa moshi mbaya endapo siku moja mtu atataka kuchomelea karibu yake.

Njia iliyo imara zaidi, ambayo waendeshaji wa magari ya mashindano Ulaya na Marekani wamekuwa wakiielekea, ni kushughulikia upande wa juu pia. Sakafu ya buti hufunguliwa, vikombe vya nyuma huunganishwa na chuma kinachokwenda hadi kwenye minara ya bati ya upande, ile iliyo mizito kwa kuwa hubeba shokamzoba, na vya mbele huunganishwa na mihimili ya urefu ya mwili. Sasa mzigo haulazimiki kutawanyika ndani ya bati jembamba. Umepewa barabara ya kwenda hadi kwenye mifupa ya gari. Je, kila gari linahitaji hayo? Hapana. E46 330i ya kwenda kazini, yenye Nm 300 na sakafu ambayo haijapasuka, mabamba ya chini na bushi mpya yatairidhisha. M3 inayopelekwa mashindanoni, au yoyote ambayo bati lake la juu limekwisha kuachana na la chini, kuiwekea mabamba ya chini peke yake ni kuahirisha.

Chuma cha kutoka migodini

Lubumbashi haina uhaba wa chuma. Mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba umezungukwa na mabaki ya migodi, na mafundi wengi hukata mabamba yao kutoka vipande vilivyonunuliwa kwa kilo. Tatizo ni kwamba chuma cha mgodini mara nyingi kilitengenezwa kustahimili kusagwa, na chuma cha namna hiyo hakikutengenezwa kwa ajili ya kuchomelewa kwenye bati la gari. Vipande vya springi za lori vina kaboni nyingi, kama asilimia 0.5 hadi 0.6, vikichomelewa bila kupashwa joto kwanza, eneo lililo kando ya mshono hupoa likawa gumu na lenye kuvunjika kama kioo. Mabamba ya kukinga mikwaruzo yaliyotolewa kwenye ndoo za mashine za kuchimbia ni magumu kupita kiasi, na kama tulivyoona, ugumu huo hauongezi umri wa mshono hata kidogo.

Kuvitambua hakuhitaji maabara. Tupa ikipitishwa kwenye chuma laini hukwangua na kuacha alama. Ikipitishwa kwenye bamba la kukinga mikwaruzo huteleza tu. Sumaku hushika chuma cha kawaida, lakini haikishiki chuma cha manganisi, kile cha asilimia 11 hadi 14 ambacho hutumika kwenye mashine za kusaga mawe. Na chini ya grainda, chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka zenye matawi machache, ilhali kile chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasuka mwishoni kama maua. Anayetaka kujiepusha na uaguzi huo anunue bati jipya la chuma laini cha kawaida. Kiasi kinachohitajika ni kidogo.

Moto wenyewe

Kabla ya cheche ya kwanza, tangi la mafuta linatoka. Katika E46 tangi liko chini ya kiti cha nyuma, mbele kidogo ya sehemu za mbele za fremu, na kulifunika kwa kitambaa kibichi ni mchezo wa hatari ambao bado unachezwa. Mabomba ya mafuta na ya breki huondolewa njiani, kiti na mazulia hutoka, mikeka ya lami hukwanguliwa, betri hufunguliwa, na mtu mmoja mwenye kizima moto hukaa ndani ya gari kazi inapoendelea na kwa muda baada yake, kwa sababu lami huweza kuwaka polepole upande ambao mchomeleaji hauoni.

Bati la magari haya limepakwa zinki mahali pengi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, kwa hiyo zinki hugeuka mvuke kabla chuma hakijakuwa tayari, huacha matundu ndani ya mshono, na anayeuvuta mvuke huo hupatwa na homa na kutetemeka usiku. Hukwanguliwa pale mshono utakapopita, si zaidi, na mlango wa garaji huachwa wazi.

Kuhusu mashine, msimamo wangu ni mkali. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 huhitaji amperi 60 hadi 90 ili kiwake vizuri, na moto huo hulitoboa bati la milimita 1. Fundi akiupunguza ili lisitoboke, kijiti hubandika chuma juu ya bamba bila kuingia ndani. Kazi hii ni ya mashine ya waya yenye gesi ya kinga, waya wa milimita 0.6 au 0.8, na mchanganyiko wa argoni na asilimia 15 hadi 20 ya kaboni dayoksaidi. Moto huelekezwa kwenye bamba nene, nalo bati jembamba huachwa lilambwe na ukingo wa dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Gesi ya kaboni dayoksaidi peke yake hufanya kazi, ila hurusha cheche nyingi na hukolea moto zaidi ya linavyotaka bati jembamba.

Kuna jambo moja linalowahusu zaidi wanaotegemea umeme wa mtaani. Jioni, watu wanapopika, volti hushuka, na mashine iliyopimwa asubuhi haitoi tena moto uleule. Mshono unaotoka hapo huwa na sura nzuri, umepanda juu kama kamba iliyolala, lakini haukushika chini. Dawa ni kuwa na vipande viwili vya majaribio, kimoja cha unene wa bamba na kimoja cha unene wa bati, kuvichomelea pamoja kabla ya kuanza na tena kila umeme unapobadilika, kisha kuvifunga kwenye jiriwa na kuving'oa kwa nyundo. Kama bati limechanika pembeni mwa mshono, mashine iko sawa. Kama mshono umebanduka mzima ukaacha bamba likiwa safi, kazi isimame hadi umeme urudi au jenereta iwashwe.

Ufa uliopo hutengenezwa kwanza. Mwisho wake hutafutwa kwa uangalifu, hutobolewa tundu dogo la kama milimita 3 ili ncha kali iondoke, ufa hufunguliwa kidogo, hujazwa, na husawazishwa. Ndipo bamba linapokuja juu yake. Bamba likiwekwa juu ya ufa ulio wazi, ufa huendelea na safari yake gizani. Kisha bamba hufungwa mahali pake kwa bolti zenyewe za fremu, ili vikombe visihame wakati chuma kinajivuta, na vipimo vya umbali kati ya bolti zote nne, pamoja na mishazari miwili, huandikwa ukutani kabla na baada. Huanzwa na matundu ya milimita 8 hadi 10 yaliyotobolewa ndani ya bamba na kujazwa moja moja, kisha mishono mifupi ya milimita 20 hadi 25 kwenye ukingo, ikirukwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mkono ukisubiri bati lipoe. Anayezunguka bamba zima kwa mshono mmoja bila kupumzika atalikuta bati limepinda, na bolti zinazotakiwa kuingia kwa vidole zitahitaji nyundo.

Baada ya mshono

Kila mahali pa kati ya bamba na bati ni mfuko wa maji. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi au Aprili, na kazi isiyozibwa kiangazi huanza kuoza kwa ndani kabla ya msimu kwisha. Praima hupakwa, mastiki huzibwa kwenye kingo zote, rangi hufuata, na nta ya kuingia kwenye uwazi hupulizwa ndani ya kisanduku kupitia matundu ya kiwandani, ambayo yasizibwe kwa kuwa ndiyo pia yanayotoa maji.

Bushi mpya zinafaa ziwe za mpira kwa gari linalotembea katika barabara zetu. Zile za plastiki ngumu au za aluminiamu huondoa ulegevu wote, na kwenye uwanja wa mashindano ulegevu ni adui. Lakini kazi ya kulainisha vishindo ambayo mpira ulikuwa ukiifanya huhamia moja kwa moja kwenye mishono uliyoimaliza jana. Mmiliki anayezitaka kwa lazima ndiye hasa anayehitaji ile kazi ya upande wa juu.

Bolti za fremu hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji kwa kutumia spana ya kupimia, na zile za bushi za mikono hukazwa gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, kwa sababu mpira uliokazwa gari likiwa hewani hubaki umejisokota na huchanika upesi. Kisha gari hupelekwa kupimwa pembe za magurudumu ya nyuma. Zikikubali kurudi kwenye vipimo, sakafu haikusogea. Baada ya wiki chache za kuendeshwa, gari hupandishwa tena, kingo za mabamba husafishwa, na taa hupitishwa hasa pale ambapo rangi mpya inakutana na ile ya kiwandani.